Barua ya wazi kwa wasimamizi na waandaaji wa mbio za baiskeli: msimfungie kijana kwa ugomvi wenu

Kwenu:
Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya michezo,
Uongozi wa Baraza la Michezo la Taifa,
Viongozi wa vyama vya baiskeli, taifa na mikoa,
Na ninyi nyote, kampuni na watu binafsi, mnaoandaa mbio.

YAH: NANI ASIMAMIE, NANI AANDAE, NA NANI ASIUMIE

Waheshimiwa,

Nawaandikia kutoka Dodoma, ninakofundisha vijana mbio za baiskeli. Sina cheo katika chama chochote na sina maslahi katika mbio zozote. Ombi langu linaelezeka kwa ufupi. Anayetunga kanuni na kutoa kibali asiwe ndiye mwenye mbio. Mwenye mbio asiwe ndiye anayemlipa mwamuzi. Na wawili hao wakikosana, adhabu isimwangukie kijana aliyebandikwa namba mgongoni.

Naandika sasa kwa sababu mchezo huu umetusogelea. Kuanzia Septemba 21 hadi 28, 2025, mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalifanyika Kigali, mara ya kwanza kuletwa katika bara la Afrika. Tadej Pogačar wa Slovenia alishinda mbio za wanaume za kilomita 267.5 kwenye vilima ambavyo jirani zetu wanavipanda kila siku wakiwa na mizigo ya ndizi na viazi. Kigali si mbali na sisi. Malori tunayoyaona yakipita Dodoma kuelekea Singida na Nzega, mengi yanakwenda kuvuka Rusumo. Na Rwanda hawakupata heshima ile kwa bahati. Mbio zao za Tour du Rwanda ziliingia kwenye kalenda ya Shirikisho la Kimataifa la Baiskeli, UCI, mwaka 2009, zikapandishwa daraja mwaka 2019, na kwa miaka yote hiyo watu walijua zinaanza lini, nani anaziandaa na nani anatoa uamuzi.

Sisi tunayo barabara. Barabara ya mzunguko wa nje ya jiji letu ina urefu wa kilomita 112.3, kutoka Nala kupitia Veyula, Mtumba na Ihumwa, kisha Matumbulu na kurudi Nala. Tupo kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, na upepo wetu unavunja kundi la waendeshaji vizuri kuliko mlima. Mtu anayeujua mchezo huu akipita pale anaona mbio. Wadhamini nao wataziona, na fedha zitakuja. Zikitukuta hatujakubaliana nani ana mamlaka gani, kitakachofuata nakijua, kwa sababu nimekwisha kukiona kikiwa bado kidogo.

Ilikuwa asubuhi ya mwezi wa nane, upande wa barabara ya Kondoa. Vijana walikuwa wamejipanga kwenye mstari wa kuanzia. Mmoja wao alitoka Bahi na baiskeli ya chuma ya zamani, ya aina ile ambayo gia zake hubadilishwa kwa vijiti viwili vilivyofungwa kwenye bomba la fremu, si kwenye usukani. Tairi la nyuma lilikuwa limeliwa hadi nyuzi zikaanza kuonekana, na ndani yake alikuwa ameweka kipande cha tyubu kuukuu ili msumari usipenye. Kofia ngumu ilikuwa mpya. Mama yake aliuza alizeti ndipo ikapatikana. Namba yake ilibanwa mgongoni kwa pini nne.

Mbele yao walisimama watu wazima wawili. Mmoja alikuwa na kipaza sauti, akiita majina. Mwingine alikuwa na faili, akisema mbio hizi hazitambuliki na yeyote atakayeanza atakuwa amejitoa mwenyewe kwenye mchezo. Kila mmoja alikuwa na barua, na kila barua ilikuwa na muhuri. Askari wa usalama barabarani aliyekuja kuongoza magari aliuliza amsikilize nani. Hakupata jibu, akaenda kukaa kivulini. Jua likapanda, maji ya vijana yakaisha kwenye chupa kabla hawajakanyaga pedeli. Ilipokaribia saa nne mbio zilianza bila gari la wagonjwa, kwa sababu gari lilikuwa limekodiwa na upande uliokwisha kuondoka kwa hasira. Mbio za wasichana zilifutwa. Walioamka saa kumi usiku wakaambiwa muda umekwisha.

Naomba mkae kidogo kwenye hilo la wasichana, kwa sababu nimeliona zaidi ya mara moja na silisikii likizungumzwa. Wakubwa wanapogombana na ratiba ikasogea, kinachokatwa kwanza ni mbio za wanawake. Hakuna anayetangaza uamuzi huo, wala hakuna anayeutia saini. Unatokea tu, kama vile ulikuwa umekubaliwa siku zote.

Yule kijana wa Bahi aliendesha vizuri sana siku ile. Baadaye orodha ya walioitwa kwenye mazoezi ya timu ilipotoka, jina lake halikuwemo. Nilipofuatilia nikaambiwa alishiriki mbio zisizotambulika. Yeye alifika mstarini akakuta watu wazima wawili na mihuri miwili. Alitakiwa ajue upi ni halali? Wale wawili hawakuulizwa na mtu.

Waheshimiwa, msidhani ugomvi huu ni wa kwetu tu kwa sababu fedha ni chache. Kwenye nchi zenye fedha nyingi umekuwepo tangu mchezo ulipozaliwa. Hiyo UCI yenyewe ilizaliwa kutokana na ugomvi. Kabla yake kulikuwa na chama kingine cha kimataifa kilichoanzishwa mwaka 1892. Nchi kadhaa zilichoka kuona Waingereza wakipewa nafasi ya kuingiza timu zaidi ya moja, na mwaka 1900 vyama vya Ufaransa, Ubelgiji, Italia, Uswisi na Marekani vikakutana Paris na kuunda chao. Miaka mitatu baadaye gazeti la L'Auto, chini ya Henri Desgrange, lilianzisha Tour de France ili kulishinda gazeti pinzani. Mbio kubwa kuliko zote duniani zilianzishwa na wauza magazeti, chama hakikuwa na mkono hapo. Kwa hiyo tangu mwanzo kuna wawili: mwenye kanuni na mwenye mbio.

Na mwaka wa pili tu wa Tour de France, 1904, ilionekana kwa nini wawili hao ni lazima. Mbio zilijaa udanganyifu, mashabiki wakiwapiga wapinzani wa watu wao njiani na waendeshaji wakituhumiwa kupanda vyombo vya usafiri. Maurice Garin, aliyeshinda mwaka 1903, alitangazwa mshindi tena. Lakini chama cha baiskeli cha Ufaransa kilichunguza, na mwishoni mwa mwaka kikawafuta wote wanne wa mwanzo. Ushindi ukaenda kwa Henri Cornet, kijana wa miaka 19 aliyekuwa wa tano. Gazeti lilikuwa na sababu zote za kutaka mambo yaishe kimya, maana lilikuwa limekwisha kuuza nakala kwa jina la Garin. Aliyeweza kusema hapana ni yule ambaye mshahara wake haukutoka kwenye mauzo yale.

Tunasema mafahari wawili hawakai zizi moja. Mbio za baiskeli zinahitaji mafahari wote wawili, ila kila mmoja awe na zizi lake, na ua uliopo katikati ujulikane umepita wapi. Chama kikiwa dhaifu, mwenye mbio anafanya atakavyo. Chama nacho kikitamani mali ya mwenye mbio, kinaacha kuwa mwamuzi.

Hilo la pili limewahi kuwatokea UCI wenyewe. Mwaka 2005 walianzisha mfumo wa ProTour, ambamo timu zilipewa leseni za miaka kadhaa na zikawa na haki na wajibu wa kushiriki mbio zote kubwa. Nia yake naielewa: timu ilihitaji kumhakikishia mdhamini kwamba itaonekana Tour de France. Lakini wenye mbio kubwa, wakiongozwa na ASO, kampuni ya Ufaransa inayomiliki Tour de France, walisema hawawezi kupangiwa mgeni wa kuingia nyumbani mwao. Mvutano uliendelea hadi Machi 2008, ambapo ASO waliendesha mbio za Paris–Nice chini ya chama cha Ufaransa badala ya UCI. UCI ikatishia kuwafungia waendeshaji watakaoshiriki. Tafakarini hapo. Mwendeshaji ana mkataba na timu, timu inamwambia panda, shirikisho la dunia linamwambia ukipanda tunakufungia. Waliendesha, na Davide Rebellin wa Italia akashinda, wakiwa na vitisho hivyo vichwani.

Mwaka huohuo Alberto Contador, bingwa wa Tour de France ya 2007, hakuruhusiwa kutetea taji lake. ASO hawakuialika timu yake mpya ya Astana kwa sababu ya kashfa za dawa za kuongeza nguvu zilizoikumba timu hiyo mwaka uliotangulia, wakati ambapo yeye alikuwa timu nyingine kabisa. Alikwenda akashinda mbio kuu za Italia na za Hispania, lakini Tour de France ya Julai ile hakuipata tena. Pande zote mbili zilikuwa na hoja, nakubali. ASO walikuwa na haki ya kulinda mbio zao, na UCI walikuwa na haki ya kutaka kanuni moja kwa wote. Walielewana baadaye mwaka huo, wakubwa kwa wakubwa, na gharama ikawa imekwisha kulipwa na wapanda baiskeli.

Kisha UCI wakaenda mbali zaidi. Waliunda kampuni yao ya kuandaa mbio, na kuanzia mwaka 2011 hadi 2014 kukawa na mbio za Beijing, China, zilizowekwa kwenye kalenda ya juu kabisa. Yaani aliyepanga kalenda, aliyetoa daraja na aliyeteua waamuzi ndiye pia aliyekuwa na mbio za kuuza. Hata kama kila mtu mle ndani alikuwa mwaminifu, mwandaaji mwingine aliyenyimwa tarehe nzuri angeaminije kwamba amenyimwa kwa haki? Mbio zile hazipo tena. Nawaomba viongozi wetu wa vyama waitazame picha ile kwa makini, kwa sababu kishawishi kitakapofika kwetu kitakuja hivyohivyo: kiongozi ataona mwandaaji anapata mdhamini, naye atajiuliza kwa nini chama kisiandae zake tarehe hiyohiyo.

Upande wa pili, chama kinachojua kukataza tu huzaa chama kingine. Uingereza kwa miaka mingi chama chao kilikataza mbio za kundi kwenye barabara za umma, kwa hofu kwamba serikali ingekasirika na kuwaondoa barabarani wenye baiskeli wote. Mwaka 1942, katikati ya vita, mtu mmoja aitwaye Percy Stallard aliandaa mbio kutoka Llangollen hadi Wolverhampton. Alizungumza na polisi kwanza, nao walimsaidia. Mbio zikafana. Chama kikamfungia. Yeye na wenzake wakaunda chama chao mwaka huohuo, na nchi ikaishi na vyama viwili vinavyochukiana hadi mwaka 1959 vilipoungana. Vijana wa kizazi kizima walilazimika kuchagua upande kabla ya kuchagua gia. Na polisi, ambao ndio walioogopwa, walikuwa wamekubali tangu siku ya kwanza!

Na sisi wa Afrika Mashariki tuna funzo la nyumbani. Chris Froome alizaliwa Nairobi mwaka 1985 na kujifunza mbio kwenye barabara za Kenya. Mwaka 2006, ili ashiriki mashindano ya dunia ya vijana kule Salzburg, alijiandikisha mwenyewe kwa kutumia akaunti ya barua pepe ya kiongozi wa chama cha nchi yake. Amekwisha kulisema hilo hadharani. Simsifii kwa njia aliyotumia. Lakini mlango ukiwa mmoja na mwenye ufunguo haonekani, wenye kipaji watapita dirishani au wataondoka. Froome alifanya yote mawili. Mwaka 2008 alihamia leseni ya Uingereza, akashinda Tour de France mwaka 2013, 2015, 2016 na 2017.

Eritrea wamepita njia nyingine. Kule baiskeli ni mchezo wa taifa, mbio za ndani ni nyingi na zinajulikana, na kijana anapanda ngazi moja baada ya nyingine. Biniam Girmay alipitia huko, na mwaka 2024 alishinda hatua tatu za Tour de France na kuvaa jezi ya kijani, ya anayeongoza kwa pointi, hadi mwisho.

Tatizo hili haliishi, na linapogusa usalama ndipo linapotisha. Septemba 2024 binti wa miaka 18, Muriel Furrer wa Uswisi, alianguka kwenye mashindano ya dunia kule Zürich, nje ya macho ya watu, na ikachukua muda mrefu kabla hajapatikana. Alifariki siku iliyofuata. Karibu mwaka mmoja baadaye, Agosti 2025, UCI waliagiza kila timu kwenye mbio za wanawake za Romandie, hukohuko Uswisi, iteue mwendeshaji mmoja wa kubeba kifaa cha kufuatilia mahali alipo. Timu tano zilikataa kuteua, zikisema hazipingi usalama bali namna ya kuamrishwa, na zikaondolewa kabla ya mbio kuanza. Sitaki kuamua nani alikuwa sahihi. Nasema kwamba baada ya msiba mzito namna ile, bado watu wazima walishindwa kukubaliana nani ana mamlaka ya kuweka kifaa kwenye baiskeli ya nani, na wasichana wa timu tano wakarudi nyumbani.

Sasa nirudi kwetu, kwa sababu kuna jambo la mbio za baiskeli ambalo nadhani wengi mnaotoka kwenye soka hamjalipa uzito. Timu mbili za mpira zikigombana, mpira unabaki uwanjani na watu wanakwenda nyumbani. Mbio zetu zinatumia barabara ya umma. Kuna lori la mafuta lenye trela, basi la kwenda Babati, mbuzi wanaovushwa, bodaboda anayetokea njia ya vumbi bila kuangalia. Kundi linakwenda kilomita arobaini na kitu kwa saa, magurudumu yakipishana kwa kiganja. Mtu mmoja lazima awe na uwezo wa kusema simamisheni, na dereva, askari, mwendeshaji na mdhamini wote wamtii palepale. Siku ile ya barabara ya Kondoa mtu huyo hakuwepo. Walikuwepo wawili wanaodai kuwa ndiye. Tulimaliza bila msiba, nami namshukuru Mungu, lakini hatukuwa tumepanga chochote cha kuuzuia.

Kwa hiyo kibali cha mbio za baiskeli ni jambo la umma kabla ya kuwa jambo la chama. Baraza la Michezo la Taifa lilianzishwa kwa sheria mwaka 1967, na Msajili wa vyama yupo. Polisi wapo. Wakala wa Barabara wapo. Halmashauri ina afisa michezo wake. Tunachokosa ni hawa wote kukubali karatasi moja.

Naomba karatasi hiyo iwe kalenda. Kalenda moja ya taifa, itolewe kabla msimu haujaanza, ibandikwe mahali ambapo hata kijana wa Bahi anaweza kuisoma kwenye simu ya jirani yake: tarehe, njia, umbali, jina la mwandaaji, jina la mwamuzi mkuu. Mbio zilizomo zisifutwe asubuhi ya siku yenyewe na mtu mwenye faili, isipokuwa kwa sababu ya usalama, na sababu hiyo iandikwe. Mbio zisizokuwemo zisipewe askari wala barabara. Hapo hakuna kijana atakayelazimika kukagua mihuri.

Mwandaaji akiomba kuingia kwenye kalenda, ajibiwe kwa maandishi ndani ya muda unaojulikana. Napendekeza mwezi mmoja, na akikataliwa aambiwe kwa nini na akate rufaa wapi. Ugomvi mwingi ninaoufahamu haukuanza kwa ubaya. Ulianza kwa barua iliyokaa mezani bila kujibiwa hadi mwandaaji, ambaye alikwisha kuchapisha fulana na kulipia tenti, akaamua kuendelea hivyohivyo. Ada ya kibali nayo itangazwe, iwe moja kwa wote, na iende kwenye akaunti ya chama, si mkononi mwa mtu.

Ninyi waandaaji nanyi mna wajibu. Mbio ni zenu, na chama kisiwanyang'anye. Aliyehangaika kutafuta mdhamini, akapima njia na kulala macho wiki nzima ana haki ya kuitwa mwenye mbio mwakani na mwaka unaofuata. Lakini fedha za zawadi ziwekwe mahali salama na kuthibitishwa kabla ya filimbi, na zilipwe siku ileile. Gari la wagonjwa na daktari viwe sharti la kibali, si hisani ya upande mmoja. Mbio za wanawake zikishaandikwa kwenye kalenda zifanyike, na ratiba ikisogea, zisogee pamoja na za wanaume. Ikibidi kukata, kateni umbali wa wote.

Waamuzi wateuliwe na chama na walipwe kupitia chama. Mwandaaji achangie gharama zao kwenye ada yake, lakini bahasha isipite kutoka kwake kwenda kwa mwamuzi. Na kiongozi wa chama mwenye kampuni ya kuandaa mbio achague kimoja. Najua hili litawagusa watu ninaowaheshimu, na wengine wao wameubeba mchezo huu kwa fedha zao za mfukoni wakati hakuna aliyejali. Nawashukuru kwa dhati, na bado naomba wachague.

Lililobaki ndilo lililonifanya nishike kalamu. Andikeni kwenye kanuni zenu kwamba mwendeshaji hatafungiwa wala kuachwa kwenye timu kwa kosa la kushiriki mbio ambazo uhalali wake ulikuwa unagombaniwa na watu wazima. Kanuni za UCI zinazuia mwenye leseni kushiriki mbio zisizo kwenye kalenda, na naelewa sababu yake. Lakini kanuni ile inadhani kalenda ipo na inasomeka. Mahali ambapo haipo, kumwadhibu mwendeshaji ni kumwadhibu kwa uzembe wa ofisi. Mwadhibuni mwandaaji aliyeanza bila kibali. Mwadhibuni kiongozi aliyekaa na barua. Wote wawili wana anuani.

Na wapeni waendeshaji kiti kwenye meza ya maamuzi, mwanamume mmoja na mwanamke mmoja, waliochaguliwa na wenzao. Kimataifa waendeshaji wana chama chao, na pamoja na udhaifu wake wote, yupo mtu wa kusema kwa niaba yao pale mvua au joto linapozidi. Hapa kwetu mwenye namba mgongoni ndiye pekee asiyeulizwa, ilhali ndiye pekee asiyeweza kukosekana. Mbio zinaweza kufanyika bila mdhamini, na hata bila kiongozi wa kukata utepe.

Waheshimiwa, wizara ipo hapahapa Dodoma, kwa hiyo hili halihitaji safari. Naomba kikao kimoja kabla kalenda ya mwakani haijapangwa: Baraza, chama cha taifa, chama cha mkoa, polisi wa usalama barabarani, Wakala wa Barabara, waandaaji wote mnaowajua, na waendeshaji wawili. Mkikubali kuitisha, mimi nitawaleta waendeshaji hao. Mmoja atatoka Bahi. Mwingine atakuwa mmoja wa wasichana walioambiwa muda umekwisha.

Nasubiri majibu yenu, nami ni wenu katika michezo,

Mwalimu wa vijana waendesha baiskeli,
Dodoma